Mamogramu, ultrasaundi au mkono wa daktari: nani aende wapi hapa Uganda

Mwezi wa kumi dada yangu alinipigia simu kutoka Busia. Alikuwa amesikia redioni kwamba ni mwezi wa kansa ya matiti na wanawake wanahimizwa kupima, naye alikuwa ameshapokea akiba yake ya kikundi. Mpango wake ulikuwa huu: yeye na mdogo wetu wapande basi la alfajiri, wafike Kampala kabla jua halijawa kali, wapigwe mamogramu, yaani eksirei ya matiti, wote wawili, walale kwa binamu yetu Kisenyi, warudi kesho yake. Dada ana miaka 52 na matiti yake hayana tatizo lolote. Mdogo wetu ana 34, na wiki tatu kabla ya simu hiyo alikuwa anaoga akagusa kitu kigumu kama punje ya maharage, upande wa juu wa titi la kushoto.

Nikamwambia dada, ninyi hamwendi mahali pamoja. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Kwani kansa ya mkubwa na ya mdogo si moja?"

Swali lake ni la haki, na ndilo ninalolijibu hapa. Nitaviweka vipimo hivi kimoja kando ya kingine, na kanuni za umri vilevile, ili kila mmoja ajue yake ni ipi kabla hajalipa nauli.

Kabla ya umri, dalili

Mamogramu ya kawaida, ile inayorudiwa kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, ni ya mwanamke asiye na dalili. Inatafuta ugonjwa ambao bado haujabisha hodi. Mwanamke aliyegusa uvimbe ametoka kwenye kundi hilo siku ileile. Yeye hahitaji kujua kama umri wake "unaruhusiwa", hasubiri Oktoba, wala hasubiri kambi ya kupima bure ije kanisani au msikitini. Anakwenda kutafutiwa jibu, na daktari ndiye anayechagua aanze na kipimo gani.

Dalili zenyewe ni hizi: uvimbe mgumu titini au kwapani, hata kama hauumi, ngozi iliyobonyea, au iliyoanza kuwa na vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani wakati siku zote ilikuwa nje, damu au majimaji yanayotoka kwenye chuchu bila kuikamua, upele au kidonda cha chuchu kisichopona, titi moja kubadilika umbo au kuwa jekundu na la moto. Maumivu matupu, hasa yale ya matiti yote mawili kabla ya hedhi, mara nyingi si kansa. Wengi wetu tunapotea hapo. Titi linalouma tunalikimbiza kliniki, na uvimbe usiouma tunakaa nao nyumbani.

Mama yetu mdogo alikaa nao. Alikuwa ananyonyesha mtoto wake wa mwisho, na kliniki moja ya mtaani ikamwambia ni maziwa yameganda, ikampa amoksilini. Uvimbe haukwenda. Akapewa tena dozi ileile. Mara ya tatu walimbadilishia dawa, na wakati huo ngozi ilikuwa imeanza kuvutwa ndani, unaiona kabisa akiinua mkono kuanika nguo. Hakuna aliyemwandikia barua ya rufaa. Alipofika Mulago karibu mwaka ulikuwa umepita, na matezi ya kwapani yalikuwa yameshavimba. Alikuwa na miaka 41 alipofariki. Tangu hapo nyumbani kwetu tuna utaratibu: titi la mama anayenyonyesha likivimba, dawa dozi moja tu. Dozi ikiisha na uvimbe haujaisha, ni ultrasaundi, si dozi ya pili.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa dunia nzima juu ya kansa ya matiti, wenye malengo matatu yanayoshikika kichwani: angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, majibu kamili yapatikane ndani ya siku 60 tangu mtu afike kituoni mara ya kwanza, na angalau asilimia 80 wamalize matibabu yao. Mimi nashikilia lile la pili. Siku 60 ni kipimo ambacho hata mtu wa kijijini anaweza kukitumia. Andika tarehe uliyokwenda mara ya kwanza. Mwezi ukipita bado unazungushwa, badilisha mlango.

Wengine wanaanza na umri gani

Kwa asiye na dalili, sasa umri unaingia. Nchi zinatofautiana, na tofauti hizo ndizo zinazotuchanganya, maana leo unasikia 40, kesho 50.

| Nani anasema | Umri | Kila baada ya |
|---|---|---|
| Uingereza | 50 mpaka kutimiza 71 | miaka 3 |
| Marekani, jopo la taifa la kinga, 2024 | 40–74 | miaka 2 |
| Australia | 50–74 huitwa. Kuanzia 40 anaweza kuja mwenyewe | miaka 2 |
| Kenya, mwongozo wa 2018 | 40–55. Kisha 56–74 | mwaka 1. Kisha miaka 2 |
| Shirika la Afya Duniani, 2014, kwa nchi zenye uwezo | 50–69 | miaka 2 |

Angalia Marekani. Mpaka juzijuzi jopo lile lilikuwa linasema 50, na wa miaka arobaini na kitu waamue wenyewe pamoja na daktari. Mwaka 2024 likashusha mpaka 40 kwa wote. Kwa hiyo aliyekwambia 50 na aliyekwambia 40 huenda wote wawili walikuwa wamesoma mahali palepale, kwa miaka tofauti.

Angalia pia Uingereza, ambako ndugu zetu wengi wanaishi. Kule mwanamke aliyeandikishwa kwa daktari wa mtaa hutumiwa barua nyumbani. Ya kwanza huja kati ya miaka 50 na 53, hivyo dada aliye London mwenye 51 asishtuke kwamba amesahauliwa. Akipita 71 barua hukoma, lakini anaweza kuomba mwenyewe kila miaka mitatu. Mwenye uvimbe hata kule hangoji barua.

Halafu kuna maneno ya Shirika la Afya Duniani ambayo hayakai vizuri ndani ya jedwali. Mwongozo wake wa 2014 unasema kwamba nchi yenye mfumo dhaifu wa afya isianze kwa kuita wanawake wote kwenye mamogramu. Ianze kwa kuhakikisha mwenye dalili anagunduliwa mapema na anatibiwa, na ifikirie uchunguzi wa matiti kwa mkono wa mhudumu aliyefunzwa. Niliposoma hayo mara ya kwanza niliudhika. Niliona kama tunaambiwa vyetu ni vya mkono na vya wenzetu ni vya mashine. Baadaye nilielewa. Mashine inayokuta kivimbe cha nusu sentimita haimfai mwanamke ambaye baada ya hapo hana wa kumtoa kinyama, hana maabara ya kukisoma, wala nauli ya kurudi.

Na Uganda? Hatuna mpango wa taifa unaomwita kila mwanamke kwa mamogramu akifika umri fulani. Hakuna barua itakayokuja Busia, wala Arua, wala Kasese. Mashine ni chache na nyingi ziko Kampala. Anayepimwa ni yule aliyejipeleka, au aliyeelekezwa na daktari, au aliyekutana na kambi. Kwa hiyo ukiuliza "je, ninastahili?", hakuna ofisi ya kukujibu ndiyo au hapana. Unalazimika kujipangia mwenyewe kwa kutumia umri, ukoo wako na uwezo wa kufuatilia.

Kwa nini 34 si 52

Sasa swali la dada. Titi la mwanamke kijana limejaa tezi na nyuzi. La mwanamke aliyekaribia kukoma hedhi au aliyekoma, kwa kawaida, sehemu kubwa imegeuka mafuta. Kwenye picha ya mamogramu mafuta hutokea meusi na tezi hutokea nyeupe. Uvimbe nao hutokea mweupe. Kutafuta uvimbe katika titi la kijana ni sawa na kutafuta punje ya chumvi ndani ya unga wa muhogo. Katika titi la dada yangu ni punje hiyohiyo juu ya sufuria jeusi. Si kila titi linafuata umri, wapo wa miaka 55 wenye matiti mazito na wa 38 wenye mepesi, lakini kwa wengi ndivyo ilivyo.

Hatari yake ni kwamba mdogo wetu angepigwa mamogramu, ingeandikwa "hakuna kilichoonekana", naye angerudi nyumbani akishangilia na uvimbe wake ukiwa palepale. Picha safi haifuti uvimbe unaoguswa. Kinachoguswa lazima kipate jina lake, hata kama mashine tatu zimenyamaza.

Kuna jambo lingine linasemwa sana hapa kwetu: kwamba kansa ya matiti ya Uganda inashika wasichana. Ni kweli wagonjwa wetu wengi wako katika miaka ya arobaini, chini kuliko Ulaya, ambako wengi wamepita 50. Lakini Uganda ni nchi ya vijana. Wanawake wa miaka 60 ni wachache miongoni mwetu, basi hata wodini ni wachache. Ukimchukua mwanamke mmoja mmoja, hatari yake inapanda kadiri umri unavyopanda, hapa kama kwingine. Nasema hivi kwa sababu nimewaona mama zetu wa miaka 58 wakiwapeleka mabinti wa 22 kupima, wenyewe wakibaki nje kushika mikoba.

Vipimo vinne

Mamogramu ni eksirei ya titi. Unasimama, titi linawekwa juu ya kibao, kibao kingine kinashuka na kulibana kwa sekunde chache. Picha mbili kwa kila titi, moja kutoka juu na moja ya kuinama kutoka upande wa kwapa. Inabana, na wengine inawauma, lakini imekwisha kabla hujamaliza kulalamika. Mionzi yake ni kidogo, kama ile mtu anayoipata kutoka ardhini na angani kwa wiki saba hivi za maisha ya kawaida. Nguvu yake ya pekee ni kuona chembe ndogo za chokaa ambazo wakati mwingine ndiyo alama ya kwanza ya kansa, kabla hakijawepo cha kugusa. Ultrasaundi kwa kawaida haizioni. Na mamogramu ndiyo, kati ya vipimo hivi vinne, yenye majaribio makubwa mengi zaidi ya miaka mingi yaliyoonyesha wazi kwamba inapunguza vifo kwa wanawake wa umri wa kati walioalikwa kupimwa kwa ratiba.

Ultrasaundi inatumia sauti, haina mionzi, mjamzito anaweza kupigwa, anayenyonyesha vilevile. Inajua kutofautisha mfuko wa maji na uvimbe wa nyama, na daktari anaweza kuitumia kuongoza sindano. Inapatikana mpaka miji midogo, kwa sababu ya wajawazito. Lakini hapo pana mtego: kichwa cha mashine kinachopimia tumbo ni kipana na kimepinda, kilichotengenezwa kuona mbali. Titi linahitaji kichwa kilichonyooka, cha kuona karibu na kwa undani. Uliza kabla ya kulipa: "Mnacho kichwa cha kupimia matiti, na anayepima amezoea matiti?" Jibu likiwa la kigugumizi, nenda mbele. Ultrasaundi inategemea sana mkono na jicho la aliyeishika, na kwa mwanamke wa 50 asiye na dalili haichukui nafasi ya mamogramu.

Mkono wa daktari, nesi au mkunga aliyefunzwa nao ni kipimo kamili, na nakuomba usiudharau. Mumbai, India, walifuata wanawake zaidi ya 150,000 wa miaka 35 mpaka 64 kwa miaka 20; nusu walipimwa kwa mkono kila miaka miwili na wahudumu waliofunzwa. Matokeo yalitoka 2021. Kansa zilikutwa katika hatua za mapema zaidi, na kwa wanawake wa 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya 50 vifo havikupungua hivyo, na lazima niliseme hilo pia. Kwetu, kipimo hiki unaweza kukipata kituo cha afya cha daraja la nne, mara nyingine la tatu, na kwenye kambi za Oktoba. Mhudumu mzuri anachukua dakika kadhaa: anakutazama umekaa, mikono chini, kisha juu, kisha kiunoni, anakulaza, anapitisha vidole vitatu titi zima mpaka kwapani na juu ya mtulinga. Akikugusa kwa nusu dakika ukiwa na blauzi, hujapimwa.

Mkono wako mwenyewe ni wa nne. Kule Shanghai waliwafundisha wanawake wa viwandani kujipima kila mwezi kwa hatua zilizopangwa, wakawafuatilia miaka kumi na zaidi, na vifo havikupungua. Kilichoongezeka ni kukatwa vinyama visivyo na kansa. Kwa hiyo sikuhimizi ufanye ibada ya tarehe. Lijue tu titi lako kama unavyoujua uso wako, kwa sabuni na maji bafuni, ili siku likibadilika ulione. Mdogo wetu hakuwa anajipima. Alikuwa anaoga.

Basi nani achague nini

Chini ya 40, huna dalili, huna ukoo wenye ugonjwa: mamogramu ya kawaida si yako. Ukikutana na mhudumu aliyefunzwa, akupime kwa mkono. Pesa yako iweke.

Kuanzia 50 mpaka 69, huna dalili: hapa karibu wote wanakubaliana, Shirika la Afya Duniani, London na Washington. Kama unaweza kufika kwenye mashine na kurudi, piga mamogramu kila miaka miwili. Kama huwezi, pimwa kwa mkono kila mwaka au miwili, na usijione umepewa kitu cha ovyo. Dada yangu yuko hapa.

Katikati, 40 mpaka 49, pana ugumu, na sitajifanya hakuna. Wapo wanaosema anza, wapo wanaosema ngoja. Faida ipo lakini ni ndogo kuliko ya wa 50, na picha za wasiwasi ni nyingi zaidi. Maoni yangu ni haya: kama uko Kampala, Jinja au Mbarara, una daktari anayekujua na fedha ya kufuatilia jibu lisiloeleweka, anza kwenye 40 au 45. Kama nauli peke yake inakula ada ya mtoto ya muhula, anza na mkono wa mhudumu, na fungu la mamogramu uliweke kwa ajili ya siku ya dalili au siku ya kutimiza 50.

Ukoo hubadilisha yote. Anayehesabiwa kwanza ni mama, dada au binti aliyepata kansa ya matiti au ya ovari, hasa kabla ya 50. Baba, kaka au mtoto wa kiume mwenye kansa ya matiti naye anahesabiwa, na wanaume wanaipata, kama mmoja katika kila wagonjwa mia. Usisahau upande wa baba. Sisi tunapoulizwa "kuna mtu kwenu?" tunataja wa kwa mama tu, wakati shangazi akiugua damu yake ni yetu. Madaktari wengi humwambia mwenye ndugu wa karibu aanze miaka kumi kabla ya umri ambao ndugu yule aligunduliwa, ingawa si kabla ya 30. Mama akigunduliwa 45, binti aanze 35. Wenye mabadiliko ya kurithi katika jeni za BRCA, yanayoongeza sana hatari ya kansa ya matiti na ya ovari, na waliopigwa mionzi ya kifuani wakiwa wadogo, wana ratiba yao wenyewe inayoanza mapema na yenye kipimo cha MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku, pamoja na mamogramu. Hao wasifuate jedwali lolote hapo juu. Waende kwa mtaalamu. Mama yetu mdogo, kwa sababu ni ndugu wa mama, anatuhesabia kidogo kuliko angekuwa mama mwenyewe. Bado tunamtaja kila tunapoulizwa.

Aliyepita 74 aongee na daktari wake. Akiwa na nguvu na afya njema anaweza kuendelea.

Kile kambi haikwambii

Mamogramu ina gharama ambayo haiko kwenye risiti. Uingereza, wenye mpango uliokomaa, katika kila wanawake 100 wanaopimwa wanne hivi huitwa tena kwa vipimo zaidi, na kati ya hao wanne mmoja ndiye hukutwa na kansa. Watatu wamelala macho bure. Tena wenyewe wanawaambia wanawake wao wazi: kwa kila maisha moja yanayookolewa, wanawake watatu hivi hutibiwa kansa ambayo isingewadhuru kamwe. Nakutajia hayo si ili uogope kupima. Ni ili ukiitwa tena usianze kuandika wosia, na ili usiache kwenda ukiitwa. Picha ya kwanza ya maisha yako ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kukuita tena, kwa sababu mtaalamu hana ya zamani ya kulinganisha.

Kwa hiyo unapopanga bajeti, mamogramu ni sehemu tu. Panga na ultrasaundi ya kuongezea, na biopsi, yaani kutoa kipande kidogo kwa sindano na kukipeleka maabara. Kama fedha inatosha jambo moja, na una uvimbe, iende kwenye ultrasaundi na biopsi. Uliza kama itakuwa sindano nene inayotoa kijiti cha nyama, maana kijiti hicho kikikutwa na kansa kinaweza kupimwa zaidi kujua dawa gani itaifaa; sindano nyembamba inayonyonya chembe chache mara nyingi haitoshi kwa hilo.

Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza 1967 pale Mulago, inapima na kutibu, na ina matawi mikoani, kama Mbarara na Gulu. Shirika la UWOCASO, lililoanzishwa 2004 na wanawake waliougua kansa ya matiti wenyewe, linafaa sana kwa anayetaka kuzungumza na mtu aliyepita njia hiyo. Kijijini, anza na mhudumu wa VHT, yaani timu ya afya ya kijiji. Kazi yake ni kukuelekeza, na barua ya rufaa kutoka kituo cha afya hukupunguzia mzunguko.

Walivyokwenda

Mdogo wetu hakungoja basi la dada. Alikwenda hospitali ya rufaa iliyo karibu siku ya pili, akapimwa kwa mkono, akapigwa ultrasaundi. Kilikuwa kivimbe cha nyama, chenye kingo laini, kinachoteleza chini ya kidole. Daktari akasema kinaelekea kuwa fibroadenoma, uvimbe usio wa kansa ambao wasichana wengi wanao, lakini hakuishia kwenye kuelekea, akaomba biopsi. Majibu yalikuja siku ya kumi na nane, na yalikuwa mazuri. Siku hizo kumi na nane mama alikuwa anampikia kama mzazi aliyejifungua, mchuzi wa samaki asubuhi na jioni.

Dada alikwenda Kampala peke yake wiki iliyofuata. Nilimwambia asipake manukato wala poda ya kwapani asubuhi hiyo, kwa sababu chembe zake zinaweza kutokea kwenye picha kama chokaa. Avae sketi na blauzi badala ya gauni, ili asivue yote. Anayeona bado hedhi achague wiki inayofuata baada ya kumaliza, matiti yanapokuwa hayaumi sana yakibanwa. Yeye ameshakoma, siku yoyote ilikuwa yake. Na nilimpa maswali ya kuuliza kwa simu kabla hajapanda basi: mashine inafanya kazi leo? Bei ni ya picha tu au na ripoti? Nani anasoma picha, na jibu linatoka lini? Picha ikihitaji ultrasaundi, inafanyika hapohapo siku hiyohiyo? Na picha zenyewe, ninapewa nibaki nazo?

Walimpa, ndani ya bahasha kubwa ya kaki. Amezilaza chini ya vitenge vyake kwenye sanduku, na juu ya bahasha ameandika kwa kalamu nyekundu mwezi na mwaka wa kurudi, ili atakayesoma picha ya pili awe na ya kwanza mkononi.